Uzi wa Kijani

Fundi wa sola alibonyeza swichi, na chumba chetu kikawa cheupe hadi pembeni. Mimi nilikuwa nimepakata shati jeupe la mume wangu, nikishona kifungo kando ya koroboi, kama jioni zote nikitoka shamba.

Nikakitazama kile kifungo. Uzi ulikuwa wa kijani. Na cha juu yake pia, na kiraka cha kwapani nilichojivunia. Miaka yote nilidhani nashonea uzi mweupe!

"Mume wangu, hili umelivaa kazini?"

"Kila wiki," alijibu, akijifanya anamsaidia fundi kukunja waya.

"Wenzako wanasemaje?"

"Wananiita Mchicha."

Fundi aliangua kicheko, akaniona uso, akainamia waya zake.

Tangu tuoane, mume wangu huenda kazini kabla hakujapambazuka, na hufua mashati yake mwenyewe mtoni na kuyaanika hukohuko. Mashoga zangu wananionea wivu. Nami nilidhani anauhurumia mgongo wangu tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unashona huku moshi unakutoa machozi. Ningeanzia wapi kukukosoa?"

Nikaipuliza koroboi, ikazimika. Ndani ya kopo la nyuzi, ule mweupe sasa niliuona vizuri kabisa. Nikauacha. Nikachukua wa kijani, nikautia kwenye tundu la sindano bila kubahatisha.

"Vua na hilo ulilovaa, Mchicha," nikamwambia. "Limekatika kifungo."