Stakabadhi za Mama Evod

Kila asubuhi Verediana alinunua samaki kwa kopo la sado la mpunga ambalo hakulibeba. Alifika kwa Hilari, akachagua perege wawili, akatoa karatasi ngumu ya kijani yenye mhuri wa kikundi: SADO MOJA. Hilari aliipokea, kisha naye akaenda nayo dukani kuchukua sabuni.

Leo Hilari aliisukuma karatasi ikarudi upande wake.

"Nipe shilingi, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Lori limeingia ghalani kwa Mama Evod. Lilikwama pale matopeni, likaunguruma mpaka tukaamka wote. Kutoka, lilipita kama baiskeli." Akapunguza sauti. "Na aliyekuwa na funguo za ghala ni Evod, mwanawe."

Verediana aliwaacha samaki palepale. Nyumbani alikuwa na stakabadhi za magunia kumi, amezificha ndani ya Biblia. Magunia hayo yalikuwa ada ya binti yake, Careen, na chuo cha uuguzi kilikuwa kimempa mpaka Jumatatu.

Mpunga ule aliupeleka mwenyewe mwaka jana, baada ya mavuno. Kila gunia alilifunga mdomo kwa kipande cha kanga nyekundu, kama mama yake alivyomfundisha kule Mahenge, ili hata yakichanganyika ayajue. Mama Evod, mtunza ghala wa kikundi chao cha akina mama wa Viwanja Sitini, akamwandikia stakabadhi. Tangu siku hiyo Verediana hakuuona tena. Nani aende kubeba mpunga wakati karatasi yake inanunua mpaka chumvi?

Hata mwezi wa nne, maji ya mafuriko yalipofika madirishani kwa Hilari, hakupata hofu. Mama Evod alipita nyumba kwa nyumba, gauni limelowa hadi kiunoni. "Ghalani hayakuvuka kizingiti," alisema, huku machozi yanamtoka. Wakamshukuru Mungu pamoja naye.

Mwezi wa tano Evod akarudi kutoka Dar na sarafu zake za kwenye simu. Walimcheka sana. Konsolata, ambaye kwenye kikundi hakuna aliyemshinda kwa ulimi, alimbana mbele ya wenzake.

"Shilingi ina serikali. Stakabadhi ina mpunga. Hiyo yako, nyuma yake kuna nini?"

"Kuna watu wanaoikubali, mama. Na idadi yake ina kikomo. Hakuna wa kuamka asubuhi akaiongeza anavyotaka."

"Hata mganga ana watu wanaomkubali!"

Evod alicheka pamoja nao. "Na huo mpunga wenu, mara ya mwisho mliuona lini?"

"Evod!" mama yake alimkemea, kwa sauti ambayo hawakuizoea.

Verediana aliyakumbuka hayo yote njiani, na kila alipoyakumbuka alizidi kukaza mwendo. Sasa ndipo alipoelewa kwa nini kijana aliuliza.

Ghalani aliwakuta Konsolata na wenzake wanne, kila mmoja na karatasi zake za kijani mkononi. Evod alikuwa amekaa mlangoni, suruali imejaa matope. Nyuma yake mama yake ameshika tama.

"Shikamoo, mama," Evod alimwambia Verediana.

Verediana hakuitikia. "Fungua."

"Kama unahitaji wako nitakutolea hapa nje. Magunia mangapi?"

"Nimesema fungua. Umeuza mpunga wetu ukanunua hewa?"

"Hizo sarafu sina tena hata moja, mama. Zimeisha."

"Zimeisha!" Konsolata akapiga makofi. "Mmesikia wenyewe? Zimeliwa, na mpunga wetu umo humohumo!"

Evod akamtazama mama yake. Mama yake akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayeomba asubiriwe kidogo. Lakini Konsolata alikwisha kunyakua funguo.

Mlango ukafunguka. Magunia yalikuwapo. Yalipangwa safu kwa safu mpaka karibu na bati.

Akina mama wakashusha pumzi. Mmoja akacheka kwa aibu. "Tusamehe, mwanangu," Konsolata alisema, "maneno ya Hilari haya, na samaki wake waliolala."

Verediana hakucheka. Alipita kati ya safu akishika mdomo wa gunia moja baada ya jingine. Yote yalikuwa mapya, yameshonwa kwa uzi wa bluu. Alikwenda hadi mwisho wa ghala, akarudi kwa upande wa pili.

"Magunia yangu yako wapi?"

"Mpunga ni mpunga, mama," Evod alisema. "Wako ni gunia kumi. Chagua unayotaka."

"Yangu yana kitambaa chekundu! Hapa hakuna hata moja!" Sauti yake ilipanda. "Yetu umeyapeleka wapi? Na haya umeyaiba kwa nani?"

Verediana akamkamata Evod shati kifuani. "Twende kwa mwenyekiti wa mtaa. Leo utasema."

Kijana alisimama tu, macho chini, huku kifungo kimoja kikikatika na kuanguka sakafuni.

Mama Evod akaja akasimama katikati yao. Miezi miwili kila aliyemuuliza habari za ghala alimjibu neno moja tu, salama.

"Mwachie, Verediana. Na shikamoo yake uiitikie. Mpunga wetu wote ulikwenda na maji. Huu kaununua yeye, kule Masagati, kwa sarafu zake."