Aya ya Mwisho

Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika ofisini, Bi Nyamizi alikuza herufi za kompyuta yake mpaka maneno manne tu yakaujaza uso wa skrini. Akisikia viatu kwenye korido, alizirudisha zilivyokuwa. Macho yalikuwa yamemwisha nguvu, na nani angemweka katibu muhtasi asiyeona?

Siku hiyo alichelewa kuzirudisha. Meneja, Bwana Lukindo, alikuwa ameshasimama nyuma yake.

"Mbona maandishi makubwa hivi?"

"Mashine ina hitilafu, bosi."

Akaitwa fundi wa kompyuta. Alibofya mara mbili, herufi zikanywea zikawa kama sisimizi. "Haina ubovu," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu amezikuza."

Meneja akainamia kibodi, akabadilisha kitu kwenye barua iliyokuwa wazi, kisha akasogea kando. "Haya mama, nisomee aya ya mwisho."

Barua hiyo Bi Nyamizi aliichapa mwenyewe jana yake, na aliijua neno kwa neno. Akaikazia macho skrini, akasoma bila kukwama: "Tunawashukuru wafanyakazi wote kwa ushirikiano wao, na tunawatakia mwaka mwema."

Fundi aliinama, akajifanya anakaza waya uliokuwa umekazwa tayari. Kwenye skrini aya ya mwisho ilisema kwamba kuanzia kesho Bi Nyamizi asije kazini.

Mwenyewe alishusha pumzi, akatabasamu.

"Niendelee, bosi?"