Ushauri wa Shangazi Elinami

Shangazi Elinami, aliyesoma chuo cha biashara zamani, alimpa Tumsifu ushauri mmoja: asitume kivuli darasani.

“Vitabu utasoma popote, mwanangu. Pale unafuata watu. Kunywa nao chai, taniana nao. Hao ndio biashara yako ya kesho.”

Kila mtu alikuwa na kivuli chake, chenye sura na sauti yake bila mwili, na sheria ilikiruhusu kumwakilisha popote. Tumsifu aliacha chake nyumbani kimwongeleshe mama, akaenda chuoni mwenyewe na bakuli la vitumbua.

Wakati wa mapumziko alimkaribisha Obedi, jirani yake wa dawati.

“Asante, dada, ila mimi mwenyewe nimelala Songea,” Obedi alisema. “Kwani wewe umekuja na mwili? Pole. Una moyo.”

Darasa zima likacheka. Mezani kulikuwa na kikombe kimoja tu cha chai, chake.

Alirudi nyumbani mapema na bakuli lake la vitumbua. Mlangoni alikisikia kicheko cha mama, akapata nafuu. Sebuleni kivuli chake kilikuwa kikimsimulia mama habari za chuo, jinsi marafiki walivyo wengi na wacheshi.

Tumsifu alikaa mkekani, kando ya kiti cha mama, akaegemeza kichwa mapajani mwa mama kama alivyozoea tangu utotoni.

Kichwa kikagonga ubao wa kiti.

Vivuli viwili vilinyamaza kidogo, kwa adabu, kisha vikaendelea na mazungumzo.