Kipimajoto cha Amani

Siku hizi kipimajoto cha nyumbani hupeleka jibu chenyewe serikali ya mtaa, na nyumba yenye homa hufungwa siku saba. Nilipokwenda kununua, muuzaji aliniuliza, "Cha kweli, au cha amani, kisichopanda?" Kibarua hakingoji siku saba. Nilichukua cha amani.

Leo mke wangu, Mwajabu, alimgusa binti yetu Tunu shingoni, kisha akasoma kipimo: thelathini na sita na nusu.

"Baba Tunu, mkono wangu umeharibika. Mtoto namsikia wa moto, kumbe mzima."

"Umetoka jikoni," nilimjibu.

Akanawa maji baridi, akamgusa tena, akakitazama tena kipimo, akamwomba radhi mtoto kwa kumdhania mgonjwa. "Haya, vaa viatu, shule."

Nilimfunga kamba za viatu mimi mwenyewe, kichwa nimeinamisha wasinione uso. Mguu wake ulinichoma vidole.