Aliyekumbatia Tangi

Koti jekundu liligoma kupita viwiko.

"Nimenenepa," alisema mzee, akamrudishia mpiga picha. Watu waliojaa mlangoni mwa ukumbi wa sinema wakacheka. Koti likarudi kwenye kabati lake la kioo, chini ya bango lenye maghorofa mawili, waya mmoja, na doa jekundu katikati. Hivyo ndivyo walivyoona waliokuwa barabarani siku ile: doa tu, linatembea hewani.

Miaka thelathini na minane imepita. Sasa wametengeneza filamu, na jina la mzee limeandikwa juu kabisa ya bango.

Mfukoni mwa shati alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Filamu ikiisha angeitwa jukwaani, na hapo angemwomba mkewe msamaha mbele za watu. Nyumbani alikwisha kujaribu mara nyingi. Kila mara maneno yalifika kooni yakageuka kikohozi.

Wakaanza kushuka ngazi za ukumbini, taa zimeshafifia. Mzee alishika chuma cha pembeni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika mkewe.

"Taratibu, mume wangu. Ngazi kumi tu."

"Makubwa!" alitania mkata tiketi nyuma yao. "Aliyetembea angani anaogopa ngazi!"

"Uzee, mwanangu," alisema mzee. "Ukifika huku, hata kizingiti ni mlima."

Kijana wa kwenye filamu alikuwa na kifua kipana, na hofu hana. Alikanyaga waya kama mtu anayeingia sebuleni kwake. Ukumbi mzima ukabana pumzi. Chini ya kiti, miguu ya mke wa mzee ilikuwa ikicheza ndani ya raba zake: vidole kwanza, kisha kisigino.

"Wamekosea," alinong'ona. "Pale katikati upepo hautoki kando. Unatoka chini."

"Bibi, umefundishwa ukafundishika!" alicheka mwanamke wa kiti cha jirani.

"Ndiyo ndoa hiyo, mwanangu."

Kisha picha ikahamia juu ya paa. Mke wa mtembeaji, binti mwembamba, alikuwa amekumbatia tangi la maji, macho kafumba, machozi na kamasi vikishindana kushuka. Baadhi ya watu wakacheka kwa huruma. Mzee akainamisha uso.

Habari ile ya tangi ilitoka kinywani mwake mwenyewe. Siku mwongozaji wa filamu alipokuja kuwahoji, mkewe alikuwa jikoni anachemsha chai. "Na mama, saa ile alikuwa wapi?" aliulizwa. Akajibu bila kufikiri: "Juu ya paa, kakumbatia tangi." Mkewe akaingia na sinia, akasikia, akamimina chai bila kumwaga hata tone.

"Umekasirika?" alimwuliza sasa, gizani.

"Kwa lipi? Binti analia vizuri."

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Lakini huyu ndiye mwanamke ambaye kila Jumamosi hupangusa vumbi kwenye ile picha ya sebuleni, ya mzee akipeana mkono na meya, na hata siku moja hajaigeuza ikatazama ukuta.

Taa zikawaka. Makofi yakavuma, jina lake likaitwa. Jukwaa lilikuwa na vidaraja vitatu. Akavipanda kimoja kimoja, kiganja ukutani. Akatoa karatasi. Akaikunjua.

Mtangazaji akampa kipaza sauti. "Mzee wetu, tuambie. Pale katikati ya waya, mbele mbali na nyuma mbali, ulikuwa unawaza nini?"

Mzee akamtafuta mkewe kwa macho. Alikuwa ameketi wima, anatikisa kichwa polepole, kama anayesema: acha, baba, yamepita hayo.

Mzee akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni. Kisha akakinyoosha kipaza sauti kuelekea kiti cha mkewe.

"Mwulizeni yeye," alisema. "Mimi nilikuwa nimekumbatia tangi."