Nanasi Lenye Upara

Kijiji cha Miibani kilisifika kwa mananasi. Tumbili, mwenyekiti mpenda sifa, akaamuru wanyama wajenge nanasi kubwa la udongo kando ya barabara. Likawa refu kumshinda Twiga. Kichwani wakalichomekea machipukizi yote waliyokuwa wameyaweka ya kupanda, nalo likapendeza.

Mvua zikaanza. Mashamba yalikuwa tayari, lakini hapakuwa na chipukizi la kupanda. Mama Ngiri akachukua kikapu, akaanza kulikwea lile nanasi.

"Shuka, mama," Tumbili akamwambia. "Wageni watasema nanasi letu lina upara."

"Na waseme."

Kwato zikateleza, akaanguka. Akakwea tena, akaanguka tena, na kila mara akirudi na machache. Kufika jioni kikapu kilikuwa kimejaa, na nanasi la udongo halikuwa na jani hata moja. Kesho yake akaanza kupanda, na wenzake wakamfuata.

Mananasi yalipoiva, Tembo alipita safarini, wakamkaribisha. Alipokuwa akila akalitazama lile kubwa, akacheka.

"Mbona hili halina nywele?"

Tumbili akatazama chini.

"Nywele zake," akasema Mama Ngiri, "ndizo hizo unazotafuna."