Ukurasa wa Thelathini na Tatu

Kitabu cha kwanza alichokitoa Berthe, mtunza maktaba, kwenye katoni hakikuwa na ukurasa wa mbele.

"Vitabu vya occasion, vilivyotumika, viko vile," prefe, mkuu wa shule, akasema, ameegemea mlango wa maktaba. "Nilinunua kwa mufanyabiashara moja wa kule mtaa wa Simi-Simi. Bon, chagua vya watoto, na vya wale wakubwa-wakubwa."

Berthe akakigeuza. Kwenye jalada, mamba alikuwa amechorewa meno kwa kalamu ya buluu. Meno yale aliyajua. Aliyaona kila siku, kabla wezi hawajaivunja maktaba mwaka jana na kuziacha rafu tupu.

Wezi walichana ukurasa wa mbele kwa sababu ndipo penye muhuri wa shule. Lakini mwizi hajui kila kitu. Kila kitabu Berthe alikipiga muhuri wa pili, wa siri, ukurasa wa thelathini na tatu.

Akafungua. Thelathini na mbili. Thelathini na tano. Katikati ulibaki ukingo mwembamba wa karatasi, umekatwa kwa wembe.

Akachukua kingine. Wembe. Cha tatu, wembe.

Alipitisha kidole kwenye ukingo ule, taratibu, kama anayepapasa kidonda. Siri ile waliijua watu wawili tu: yeye, na prefe huyu aliyemfundisha kuupiga muhuri ule.

"Unatafuta nini mule, Mama Berthe?"

Prefe hakuwa ameegemea mlango tena.

"Nachagua, Papa Prefe," akajibu. Akamtia mamba kwenye mkoba wake mwenyewe, akafunga zipu.